Dawa haibridi za mimea: malaria na kansa ndani ya molekuli moja (uzi mrefu)

Mjukuu wa Amani
Wakuu salaam. Juzi kuna mtu aliuliza humu kama ni kweli dawa za malaria zinaweza kutibu kansa, watu wakaishia kubishana mambo ya waganga uzi ukafungwa bila jibu. Mi nimesoma famasia na hii ndo mada ninayoifuatilia kuliko zote, kwahiyo naileta vizuri, anayetaka asome kidogo kidogo.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila mtu hapa ameshakimeza, yaani dawa ya mseto ya malaria. Kidonge kimoja cha ALU kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, zimegandamizwa pamoja kiwandani lakini ukishameza kila moja inashika njia yake. Artemetha inawapiga vimelea kwa nguvu halafu baada ya saa chache imeshaisha kwenye damu, lumefantrini inabaki siku kadhaa inamalizia waliosalia. Sasa huko kubaki peke yake ndo tatizo linapoanzia, kwasababu kimelea kilichoponyoka kinakutana na dawa moja tu na kinapata muda wa kuizoea.

Haibridi ni kitu kingine kabisa. Mkemia anachukua molekuli mbili anazifunga kwa kifungo cha kikemia zinakuwa molekuli moja, lengo ni ziingie pamoja kwenye kimelea au kwenye seli ya kansa, kwa wakati mmoja na kwa kiasi sawa. Mfano wangu ninaoupenda ni wa Dublin, Ayalandi, mwaka 2007. Walichukua dihaidroatemisinini, inayotengenezwa kutoka kwenye artemisinini ya mmea wa artemisia ya Kichina, wakaifunga na kwinini ya magome ya sinkona. Walipoijaribu maabara kwenye vimelea vya falsiparamu, yaani vile vya malaria kali, ikaua kuliko artemisinini peke yake, ikaua kuliko kwinini peke yake, na hapa ndo naomba msome mara mbili, ikaua kuliko hizo mbili zikichanganywa nusu kwa nusu bila kufungwa. Yaani kule kufungwa kwenyewe kuliongeza kitu ambacho mchanganyiko hauna.

Chapakazi
Mkuu nimekusoma ila kansa bado sijaona imeingilia wapi. Malaria ni mdudu, kansa ni seli zako mwenyewe, inakuwaje dawa moja iguse vyote?

Mjukuu wa Amani
Swali zuri, zinakutana kwenye madini ya chuma.

Artemisinini ina daraja la oksijeni mbili zilizoshikana katikati ya molekuli. Daraja hilo limetulia mpaka likutane na chuma. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu na chakula chake ni himoglobini, kwahiyo kimejaa chuma kinachotoka kwenye chakula chake mwenyewe. Chuma kinavunja daraja, zinazaliwa chembe kali zinazoshika protini za kimelea moja baada ya nyingine na kuziharibu, kinakufa. Aliyetuletea hii ni Mama Tu Youyou wa China, kwenye mradi wa kijeshi ulioitwa 523 kwasababu ulianza tarehe 23 mwezi wa 5, 1967. Alisoma kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 kinachosema majani yalowekwe kwenye maji yakamuliwe, bila kutaja kuchemsha, hapo akagundua kumbe kuchemsha ndo kulikuwa kunaua dawa, akabadilisha akatumia etha isiyohitaji joto kubwa na mwaka 1971 ikakubali. Nobel akaipata 2015.

Sasa seli ya kansa inagawanyika haraka na ili igawanyike inahitaji chuma kingi, inajijazia milango ya kuvutia chuma kuliko seli ya kawaida. Henry Lai na mwenzake Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle wakajiuliza, kama chuma ndo kiberiti, kwanini tusijaribu huku? Mwaka 1995 wakatoa majibu yao kwamba seli za kansa ya damu zikilishwa chuma halafu zikapewa dihaidroatemisinini zinakufa kwa wingi wakati chembe nyeupe za kawaida zinaumia kidogo sana. Baadae wakaenda mbele wakaifunga artemisinini moja kwa moja kwenye transferini, ile protini inayobeba chuma kwenye damu, seli ya kansa ikivuta chuma inavuta na sumu yake. Hiyo nayo ni haibridi.

Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, nasema wazi. London kwenye chuo cha St George's walitoa artesuneti, ndugu wa artemisinini, kwa wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana kabla ya upasuaji, majibu yakatoka 2014 yanatia moyo lakini wagonjwa walikuwa 20 na kitu tu. Hapo huwezi kumwambia mtu aache matibabu yake.

Nesi wa Zamu
Mjukuu umeongea vizuri ila umeruka kitu kikubwa ambacho sisi wa wodi ya watoto tunakiona. Malaria na kansa hazikutani maabara tu, zinakutana kwenye taya la mtoto. Ni kansa ya Burkitt.

Mjukuu wa Amani
Dada endelea wewe, hapo una haki kuliko mimi.

Nesi wa Zamu
Haya. Kansa ya Burkitt imepewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyekuwa Mulago Kampala, aliandika habari zake 1958. Aliona watoto wengi wanakuja na uvimbe wa taya, mara nyingi pande mbili, meno yanalegea yanacheza, jicho linasukumwa nje. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakazunguka kwa gari maelfu ya kilometa kuanzia Uganda mpaka Afrika kusini hospitali kwa hospitali wanauliza mmeiona hii? Ramani yake ikaja kulalia karibu sawasawa na ramani ya maeneo ya joto na mvua yenye malaria ya mwaka mzima. Kule milimani kwenye baridi haipo. Baadae 1964 wakina Epstein London wakaona kirusi kwenye seli za uvimbe huohuo, ndo EBV, yaani kirusi cha Epstein-Barr. Kinachoeleweka leo ni kwamba malaria ya kujirudia inachosha kinga na kuzichochea seli B, ambazo ni chembe nyeupe za kinga, zigawanyike ovyo, kirusi kinapata nafasi, kwenye kugawanyika huko vipande vya kromosomu vinavunjika na kuunganika pasipo pake, kansa inaanza.

Na dawa mojawapo tunayompa huyo mtoto ni ya mmea. Vinkristini. Kichupa kidogo, maji yake hayana rangi, kinakaa kwenye friji, tunakiweka kwenye kamfuko kadogo ka dripu na sio kwenye sirinji kwasababu hii dawa ikichomwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa bahati mbaya inaua, imeandikwa ni ya mshipa tu. Kabla sijaifungulia lazima nivute nione damu inarudi kwenye kanula, ikivujia nje ya mshipa inachoma nyama mpaka kidonda. Nasimama pale mpaka iishe siendi popote. Halafu uvimbe wa Burkitt unakua haraka lakini na dawa unaisikia haraka pia, mtoto alikuja Jumatatu jicho limefunga wiki inayofuata anakula ugali. Ndo maana nikisikia mama ameshikiliwa kijijini miezi miwili anakandwa majani roho inaniuma sana.

Mjukuu wa Amani
Asante dada. Naomba niongezee hapo kwa vinkristini maana watu wengi hawajui mmea wenyewe wanao uani. Ni lile ua dogo la pinki au jeupe la petali tano linaloota hata kwenye mchanga wa pwani, asili yake Madagaska. Miaka ya 50 Robert Noble na Charles Beer kule Kanada waliletewa majani kutoka Jamaika ambako watu walikuwa wanayanywa kwa ajili ya sukari. Wakawapa panya, sukari haikushuka, ila chembe nyeupe za damu zikaporomoka na panya wakafa kwa maambukizi. Badala ya kutupa wakafikiria, kitu kinachoshusha chembe nyeupe si ndo tunakitaka kwenye kansa ya damu? 1958 vinblastini ikatoka, vinkristini ikafuata.

Sasa sikilizeni hili maana ndo moyo wa uzi wangu. Vinblastini yenyewe ni haibridi. Mmea una molekuli mbili, katharanthini na vindolini, kila moja peke yake kwenye kansa haina kazi ya maana. Jani linazifunga pamoja na hapo ndo inazaliwa dawa inayozuia seli kugawanyika. Huo ua ulikuwa unafanya kazi ya wakemia wa Dublin kabla hatujazaliwa sisi wala babu zetu. Tena unafanya kwa ubahili, unahitaji mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja. Kwahiyo mtu anayekuambia chemsha vikonyo vitatu asubuhi na jioni anakupa kipimo asichokijua cha kitu kinachoshusha kinga.

Mzee wa Mwarobaini
Vijana mimi nina miaka yangu, mwarobaini tumekunywa tangu utoto homa ikishika na tupo. Naona mnazunguka China na Kanada, mwarobaini mmeuacha. Au kwakuwa ni wa kwetu hauna molekuli?

Mjukuu wa Amani
Shikamoo mzee. Hapana, mwarobaini haujaachwa, na una habari kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwenye majani yake kuna kitu kinaitwa nimbolidi. Mwaka 2019 maabara ya Daniel Nomura pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitafuta nimbolidi inashika nini ndani ya seli ya kansa ya titi, wakakuta inashika protini moja inaitwa RNF114. Kazi ya protini hiyo ni kuzitia alama protini nyingine ili seli izibomoe. Wakasema kumbe tumepata mkono wa kumshika mbomoaji, wakaifunga nimbolidi na molekuli nyingine inayoshika protini ya BRD4 ambayo kansa inaitegemea. Ile haibridi ikawakutanisha, mbomoaji akaitia alama BRD4 na seli ikaibomoa yenyewe. Mwarobaini, mzee wangu, uko kwenye aina mpya kabisa ya utengenezaji dawa. Ila yote hayo ni kwenye seli za maabara, dawa ya hospitali haijafika.

Na naomba kwa heshima, mafuta ya mwarobaini msiwanyweshe watoto wadogo, yameshasababisha degedege na vifo, hilo limeandikwa na madaktari.

Mzee wa Mwarobaini
Marahaba. La mafuta nimekuelewa, nitawaambia na wa nyumbani.

Kwale Damu
Wadau wa huku Kenya tupo, nasoma tu. Mjukuu kuna hadithi huku kwetu wazee wanasema wazungu walikuja Shimba Hills zamani wakakata mti fulani magunia kwa magunia ya dawa ya kansa. Ni kweli ama ni porojo?

Mjukuu wa Amani
Ni kweli ndugu yangu na ningeshangaa uzi huu upite bila mtu wa Kwale kuuliza.

Mti ni wa jamii ya Maytenus. Mwaka 1972 kundi la Kupchan la Marekani lilitangaza kitu kikali sana kinaitwa maytansini kutoka kwenye Maytenus ya Ethiopia. Taasisi ya kansa ya Marekani ikataka malighafi nyingi, ikapata Maytenus buchananii kwenye hifadhi ya Shimba Hills, zikakatwa tani 27 na kidogo zikasafirishwa. Baada ya miaka minne walipohitaji tena wakusanyaji wakapata shida hata kuipata, miti haikuwa imerudi. Huo ndo msitu uleule wa tembo na palahala mnaoujua.

Halafu baada ya yote, dawa ikafeli. Maytansini ni kali mara mia na zaidi kuliko vinkristini aliyoielezea dada Nesi, walipowapa wagonjwa ikawaumiza wao kuliko uvimbe, majaribio yakasimamishwa. Ingeishia hapo tungesema msitu ulikatwa bure.

Kilichoiokoa ni kufungwa. Wakemia wakachukua ndugu yake maytansini anaitwa DM1 wakamfunga kwenye kingamwili ya trastuzumabu, inayotambua protini ya HER2 juu ya seli za aina fulani ya kansa ya titi. Kingamwili inazunguka kwenye damu na sumu ikiwa imefungwa haifanyi kitu, inafika kwenye seli yenye HER2 nyingi inashika, seli inaimeza, ndani huko kingamwili inamengenywa na DM1 inaachiwa ndani ya seli ileile. Marekani iliidhinisha 2013, jina la dukani Kadcyla, leo wanawake wanaishi kwa hiyo dawa. Kwahiyo haibridi ya kansa yenye chanzo cha mmea ipo hospitalini kabisa. Siku hizi hawahitaji tena mti, kuna bakteria anayetengeneza kitu cha ukoo huohuo, wanafuga bakteria kwenye matangi.

Mimi hii habari kila nikiifikiria inanigusa sehemu mbili. Kwanza mti ulitoka kwetu ukaondoka kwa tani. Pili, thamani yote ilipatikana kwenye kile kiungo kati ya sumu na kingamwili, na kiungo hicho hakikutengenezwa Kwale wala Nairobi wala Dar. Tukiendelea kujivunia miti tu bila kufundisha vijana kufunga molekuli tutabaki tunauza magunia.

Kwale Damu
Eish. Hii nitaipeleka kwa wazee. Mimi nilidhani ni porojo kusema ukweli.

Nyota wa Bukavu
Jambo ndugu zangu. Miye niko Bukavu, mmetaja kwinini mkasahau Kivu. Huku mashamba ya kinkina, hiyo sinkona yenu, yako tangu wakati wa Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina hapa mjini wanatoa kwinini kwa magome. Swali langu, kama ile ya Dublin inaua malaria vizuri hivyo toka 2007, mbona haiko kwa famasi?

Mjukuu wa Amani
Karibu sana Bukavu. Ni kweli kabisa, na hata huku kwetu Amani juu ya Muheza Wajerumani walipanda sinkona kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa 1902, vita ya kwanza walipozingirwa na Waingereza wakatoa kwinini ya askari wao humohumo.

Kuhusu swali lako, hapo ndo kuna ugumu na wengi hawausemi. Hakuna haibridi ya malaria hata moja iliyofika famasi mpaka leo. Wafaransa wa Toulouse chini ya Bernard Meunier ndo walikuwa mbele, walifunga lile daraja la oksijeni na kipande cha jamii ya klorokwini wakaita trioksakwini, ikafika hatua ya kushirikiana na kampuni kubwa ya Sanofi, haikufika sokoni.

Sababu ziko kadhaa ila nizungumzie ukubwa na kifungo. Wakemia wana kanuni ya mazoea kwamba dawa ya kumeza ikizidi uzito wa molekuli 500 inaanza kupata shida kupenya utumbo. Dihaidroatemisinini ni 284, kwinini ni 324, ukizifunga umeshapita 600. Halafu kifungo chenyewe, kikiwa dhaifu asidi ya tumbo na vimeng'enya vya ini vinakikata mapema, umerudi kwenye mchanganyiko wa kawaida kwa gharama kubwa zaidi. Kikiwa imara kupita kiasi dawa inaweza isiachie pale inapotakiwa. Na bei usiisahau, mgonjwa wa malaria wa Kivu au Kigoma sio mgonjwa wa kansa ya titi wa Boston, dozi lazima iwe ya shilingi chache.

Lakini uhitaji unaongezeka. Rwanda ilishatangaza 2020 vimelea vyenye badiliko la jeni linaloitwa R561H linaloendana na artemisinini kufanya kazi polepole, Uganda nayo ina mabadiliko yake, na kwetu Kagera upande wa Karagwe hilohilo la Rwanda limeonekana. ALU bado inaponya huko, mtu asiache dozi, ila ndo mwanzo uleule ulioonekana Kambodia.

Ummu Swafiya
Assalaam alaykum. Mama yangu ana kansa ya titi yuko kwenye dripu za kemotherapi, ndugu wameleta habasoda na asali na pia kuna aliyeleta chai ya artemisia. Nimesoma mahali kwamba Wajerumani wamechanganya habasoda na dawa ya malaria wakatibu kansa. Nimpe?

Mjukuu wa Amani
Waalaykum salaam dada, Mungu amponye mama.

Hiyo habari ina ukweli ndani yake lakini imekatwa. Ni maabara ya Svetlana Tsogoeva kule Erlangen, Ujerumani. Ndani ya habasoda kuna thaimokwinoni, waliifunga na artemisinini kwa kifungo cha kikemia, molekuli mpya ikaua seli za kansa ya utumbo na ya damu kwenye vyombo vya maabara, na seli za utumbo zenye afya hazikuumia kwa kiwango hicho. Ni kazi nzuri sana naifuatilia kwa karibu. Ila hawakumpa mgonjwa, na kijiko cha habasoda ukafuatisha chai ya artemisia hakitengenezi ile molekuli tumboni, vinabaki vitu viwili tofauti. Hiyo chai WHO imekataa hata kwa malaria yenyewe kwasababu kiasi cha dawa kwenye majani hakitabiriki.

Kwa mama fanya hivi, beba kila kitu alicholetewa, pakiti na vichupa, mpeleke navyo kliniki siku ya dripu umwonyeshe daktari wake wa kansa au mfamasia wa wodi. Kuna mimea inabadilisha kasi ya ini kusafisha dawa, kemotherapi ikakaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyopigiwa hesabu au ikaondoka kabla ya kazi. Mpaka wamwambie, asinywe.

Nesi wa Zamu
Dada usiogope kugombezwa, sema vyote hata vya kupaka. Mgonjwa anayeficha ndo anatupa shida, chembe nyeupe zinashuka hatujui ni dawa yetu au ni ya nyumbani.

Ummu Swafiya
Shukran sana, dripu ni Alhamisi, nitavibeba.

Binti Kemia
Mimi niko mwaka wa pili kemia chuo, nimesoma uzi wote mara mbili. Kaka Mjukuu kuna Waafrika wanaofanya hii kazi ya kufunga au ni lazima niwaze Ulaya?

Mjukuu wa Amani
Wapo tena wakubwa. Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, yuko Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha kituo cha kugundua dawa cha H3D mwaka 2010 na kimetoa dawa ya malaria iliyofika kujaribiwa kwa binadamu. Profesa David N'Da wa Chuo Kikuu cha North-West, Potchefstroom, ametengeneza haibridi nyingi za artemisinini na kwinolini, makala zake utazipata. Nyumbani taasisi ya tiba asili pale Muhimbili inafahamu mimea, jirani Kenya taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI wana maabara ya vimelea, na kwetu taasisi ya afya ya Ifakara wanajaribu dawa kwa wagonjwa. Pengo liko katikati, kwa mtu anayekaa kwenye benchi na chupa ya duara anabadilisha kundi moja la molekuli kila wiki anapeleka kwa wa vimelea.

Mwaka wako wa tatu shikilia kemia ya kaboni na usiogope somo la kusoma grafu za NMR, kile kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli, bila hiyo hutajua kama umefunga au umechanganya tu. Ukifika kuchagua mada ya utafiti nitumie ujumbe, thaimokwinoni unaikamua kwenye mafuta ya habasoda ya soko lolote la Zanzibar au Tanga na artesuneti ya kuanzia si ghali.

Binti Kemia
Nimehifadhi hizi namba na majina yote. Grafu za NMR tunaanza muhula ujao.